Nyumba iko, pahali hapako

Katika vitabu vya chama chetu tumezoea kuandika juu ya mahari, juu ya kilio, juu ya majina ya mapacha na kazi ya mwami. Safari hii naomba ruhusa niandike juu ya kitu kidogo: nyumba ya mbao ya meta nne kwa tano, yenye manjanja yaliyopata kutu, iliyo nyuma ya nyumba ya marehemu baba yangu katika komini ya Kadutu, hapa Bukavu. Nyumba hiyo si yetu. Udongo ulio chini yake ni wetu, ao tuseme kwamba kwa miaka mingi tulidhani ni wetu.

Mwenye nyumba ni mama mjane. Jina lake sitalitaja, yeye mwenyewe hakuniomba kuingia kitabuni. Alifika mwaka 1999 kutoka upande wa Bunyakiri, wakati vita vilikuwa vinawafukuza watu vijijini, akiwa na mabinti wawili na sufuria moja. Baba alikuwa amemjua mume wake kidogo. Akamwonyesha nafasi nyuma ya choo, karibu na mtaro wa maji ya mvua, akamwambia maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu: "Mama, ukae hapa na batoto. Lakini ujenge na mbao, usijenge na matofali." Naye akajibu: "Aksanti, muzee. Nitajenga na mbao."

Sikuyatia maanani maneno hayo. Nilifikiri baba alisema vile kwa sababu aliona wazi kwamba mama hana pesa ya tofali hata moja. Ni baadaye sana, baada ya kumzika mzee, wakati sisi watoto tulipoanza kuzungumza juu ya kuuza parseli, ndipo nilipoelewa kwamba yale yalikuwa mapatano kamili, yenye pande mbili na shahidi mmoja, ndiyo mimi. Je, sisi tuliorithi udongo tulirithi pia mapatano? Swali hilo limekaa katika jamaa yetu miaka mingi, na limetuvunja kidogo. Naliandika hapa kwa sababu nadhani si swali la jamaa yetu peke yake. Katika mji huu ni nani asiyekuwa na mbao za mtu nyuma ya nyumba yake, ao asiyekaa yeye mwenyewe ndani ya mbao nyuma ya nyumba ya mtu?

Ili tuelewane, inafaa nirudi kijijini kwanza. Wasomaji wa Bushi watanivumilia, wanayajua haya. Lakini kati yetu kuna Warega, Wabembe, Wafuliru, Wahavu, na kuna watoto waliozaliwa mjini ambao hawajui neno lolote la udongo isipokuwa parseli.

Katika Bushi, mtu aliyetaka pahali pa kukaa alikwenda kwa mwami, ao kwa mkubwa wa kilima aliyesimama kwa jina la mwami, akatoa ng'ombe. Mapatano hayo yaliitwa kalinzi. Ng'ombe yule hakuwa bei, maana udongo haukuuzwa. Alikuwa njia ya kutambulikana. Tangu siku ile mtu alilima, alijenga, aliwarithisha watoto wake, na yeye mwenyewe akawa mtu wa yule aliyempa, kwa heshima na kwa kazi. Mapatano hayakufa pamoja na watu walioyafanya. Watoto wa pande zote mbili walifungwa nayo. Hilo nitalirudilia.

Chini ya kalinzi kulikuwa na namna nyingine, ndogo, iliyoitwa bwasa. Mwenye udongo alimwachia mtu kipande cha shamba kwa muda mfupi, kwa malipo kidogo ao kwa siku za kazi. Mtu wa bwasa alipanda maharagwe, alipanda mtama, akavuna, akashukuru. Kitu kimoja hakuruhusiwa: kupanda mgomba. Maharagwe yanakwisha katika miezi michache, lakini mgomba unakaa, unazaa watoto miguuni pake, na mtu akishakula ndizi pale miaka kumi ni nani atakayemwambia kwamba ni mgeni? Mgomba ulikuwa sahihi. Mahali ambapo hapakuwa na karatasi, watu waliandika majina yao kwa mimea, na yule aliyekubali kutopanda mgomba alikuwa anasema mbele ya kilima chote: sikuja kukunyang'anya.

(Wakati wa ukoloni iliingia namna ya tatu, bugule, ya kununua udongo kwa pesa na kumalizana. Unalipa, unakwenda, hakuna anayekuwa mtu wa mwingine. Wengi waliipenda kwa sababu iliwatoa chini ya wakubwa, na siwezi kuwalaumu.)

Sasa tuje mjini. Hapa mgomba hauna nguvu tena, ingawa tunaupanda nyuma ya jikoni. Lakini mawazo yaleyale yapo, yamevaa nguo nyingine. Tofali ndilo mgomba wa mji. Mzee wangu, aliyezaliwa kijijini na kufanya kazi mjini, alijua jambo hilo bila kusoma sheria yoyote. Alipomwambia yule mama ajenge na mbao alikuwa anampa bwasa, na mama, mtu wa kijiji naye, alielewa mara moja.

Tena Leta nayo inafikiri vivyo hivyo, jambo lililonishangaza nilipoanza kusoma. Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 ilisema kwamba mtu anayeomba kiwanja kwa Leta anapewa kwanza mkataba wa kukodi, usiopita miaka mitatu. Katika muda huo anapaswa kukipa kiwanja thamani, maana yake, mjini, kujenga. Baadaye wanakuja kutazama. Wakiona umejenga unavyotakiwa, unaweza kupata konsesyo ya daima, na mwishoni ile karatasi kubwa, sertifika, ambayo sheria inasema ni yenyewe tu inayothibitisha haki yako juu ya kiwanja. Fishi ya parseli ya komini, akti ya kuuziana, barua ya mkubwa wa mtaa, hizo zote watu wanazifunga ndani ya plastiki na kuzilalia chini ya godoro, lakini mbele ya sheria hazifiki pale. Na njia ya kufika pale inapitia ukuta. Bila ukuta mzuri, Leta haikuoni.

Basi nyumba ndogo ya mbao katika mji wetu ni zaidi ya umaskini. Mara nyingi ni neno ambalo mtu amelisema. Najua si mbao zote zinasema neno moja. Goma, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002 na moto wake kupita katikati ya mji, watu walirudi na kujenga mbao juu ya mawe meusi hata kabla hayajapoa vizuri, kwa sababu kuchimba msingi katika mawe yale ni kazi ngumu, na kwa sababu mtu aliyekwisha kuona nyumba ya ghorofa ikimezwa hana haraka ya kununua simenti. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena, na moto ukafika upande wa Buhene. Kule mbao ni akili. Mtu anaibomoa nyumba yake asubuhi, anapakia mbao juu ya chukudu, na jioni anaisimamisha kwenye kiwanja kingine alichokodi. Nyumba ni yake kabisa. Pahali pa kuiweka ndipo anatafuta kila mwaka. Rafiki mmoja wa huko aliniambia kwa kucheka kwamba yeye ni kama konokono, lakini konokono anayelipa kodi ya majani.

Lakini nirudi kwetu, nyuma ya choo.

Mama yule alikaa miaka mitano, kumi, ishirini. Aliuza makala, baadaye unga wa mihogo. Mabinti waliolewa. Alimwosha marehemu mama yetu katika ugonjwa wake wa mwisho, wakati sisi tulikuwa kazini. Mbao zilipooza chini alizibadilisha moja moja, hata nadhani leo hakuna ubao hata mmoja wa mwaka 1999. Kwa miaka yote hiyo hakuweka tofali moja, hata pale alipoweza. Mwaka fulani alipata pesa ya likelemba, nikamwuliza kwa nini asijenge vizuri kidogo, hata nusu ukuta juu ya maji ya mtaro. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Muzee alisema mbao."

Hatua chache chini yake, kwenye ukingo wa mtaro, mtu mwingine alijenga. Huyo hakuomba ruhusa kwa mtu. Ile nafasi ilikuwa ya kupitishia maji na hairuhusiwi kujengwa. Kila mtu alijua. Alijenga matofali usiku na siku za mapumziko, haraka, akaweka mlango wa chuma. Mnunuzi wa kwanza alipokuja kutazama parseli yetu na kutaka njia ya chini iwe wazi, alimwendea mtu huyo na meta na mahesabu, akamwuliza angetaka kiasi gani. Kwa mama hakuuliza kiasi. Alituambia sisi: "Yule mama atoe mbao zake. Nataka parseli safi."

Hapo ndipo nilipoona shida yenyewe, nayo ndiyo naomba tuifikirie pamoja. Watu wawili wamekaa mahali pasipokuwa pao kwa karatasi. Mmoja aliomba, akapewa sharti, akaliheshimu miaka ishirini na zaidi. Wa pili hakuomba kitu. Siku ya hesabu, wa pili ana ukuta, na ukuta unasema kwa ajili yake. Wa kwanza ana mbao, na mbao zinasema paka kile alichozitumia kusema tangu mwanzo: mimi ni mgeni. Adabu yake imegeuka kuwa ushahidi dhidi yake. Sisi tuliofaidika na adabu ile, tuliolala bila woga miaka yote kwa sababu tulijua hatatunyang'anya, tunaweza kweli kusimama mbele yake na kumwambia: unaona, wewe mwenyewe ulijua huna haki?

Mdogo wangu anasema ndiyo, tunaweza. Na ni lazima nimtendee haki, maana si mtu mbaya na maneno yake si ya kipumbavu. Aliniambia hivi: "Yaya, huruma ya baba haiko deni yetu. Baba alimupa bure, baba amekufa. Sisi tuko na batoto ya kusomesha. Kama kila mutu alisaidiwa anakuwa mwenye kiti, nani atasaidia tena?" Neno hilo la mwisho ni zito. Kama kumpokea mtu mwenye taabu ni kupoteza udongo, watu watafunga milango. Mwaka 2025, wakati watu walikuwa wanakimbia tena kutoka huku na huku, nilisikia kwa masikio yangu jirani akisema hampokei mtu nyuma ya nyumba, kwa sababu ameona yaliyotupata sisi. Mgeni mmoja wa mwaka 1999 amewafungia mlango wageni wa 2025. Sina jibu rahisi kwa hilo.

Lakini nilimjibu mdogo wangu mambo mawili.

La kwanza ni juu ya neno "udongo wetu". Wakati wa kugombana tunalitumia kama upanga. Lakini tangu sheria ile iliyojulikana kwa jina la Bakajika, ya 7 Juni 1966, na zaidi tangu sheria ya 1973, Leta ilijiandikia udongo wote wa nchi. Kifungu cha 53 kilisema kwamba udongo ni mali ya Leta peke yake, haiuzwi na haipotei kwa kupita kwa miaka. Yule tunayemwita mwenye parseli ana haki ya kukaa na kutumia, na nyumba aliyojenga juu yake ni yake. Udongo wenyewe, hapana. Maana yake, baba yetu na sertifika yake iliyowekwa katika kioo alikuwa naye mgeni, mgeni wa mtu mkubwa. Alipewa pahali kwa sharti, akaheshimu sharti, na kwa hiyo alitaka asisumbuliwe. Mama wa mbao alifanya nini tofauti na hapo? Aliheshimu sharti la mwenyeji wake vilevile. Tofauti iko katika mwenyeji: mmoja ana ofisi na muhuri, mwingine alikuwa mzee mwenye fimbo ambaye sasa amelala makaburini.

Na muhuri nao, ndugu, tusiuabudu. Juu ya siasa ya mwaka 2025 sitasema neno. Nasema tu kwamba Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari ziliingia mikononi mwa wakubwa wengine, na watu wenye karatasi nzuri kabisa walianza kuulizana usiku: muhuri wa nani utakuwa muhuri? Wakati ule mwenye sertifika alionja kidogo usingizi wa mtu wa mbao.

La pili ni juu ya "bure". Mdogo wangu anasema baba alitoa bure. Si kweli. Baba alitoa pahali, mama akatoa ahadi ya kutojenga matofali. Ahadi ile ilikuwa mali. Kama ingekuwa si mali, kwa nini baba aliitaka? Ni ahadi iliyotuwezesha sisi leo kufikiria kuuza. Kama mama angejenga kama yule wa mtaroni, mnunuzi asingekuja kabisa. Bei tunayohesabu leo, sehemu yake imetunzwa na mwanamke aliyelala miaka na miaka akisikia mvua juu ya manjanja yenye matundu ili asivunje neno lake. Mwenye kurithi bei anawezaje kukataa kurithi neno?

Sitaki msomaji afikiri kwamba naomba kalinzi irudi. Mjini haina nguvu, na hata kijijini wazee hawakuwa malaika. Wakubwa walipokea ng'ombe wa mtu na siku za kazi zake, na mtu aliyemkasirisha mkubwa aliweza kujikuta njiani na vyombo vyake. Tena mwanamke alikaa kwa jina la mume ao la mtoto wa kiume. Mama wetu mwenye mabinti wawili peke yao angesimama mbele ya kilima kwa jina la nani? Sheria ya 1973 yenyewe iliahidi, katika kifungu cha 389, kwamba haki za watu wanaokaa kwa desturi zitapangwa na ordonansi ya Rais. Zikapita zaidi ya miaka arobaini bila ordonansi hiyo kutoka. Watu wamezeeka katikati ya desturi iliyonyamazishwa na sheria isiyomaliza kusema. Katiba ya 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 34 kwamba mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi inalindwa, na katika kifungu cha 48 kwamba makao yanayomfaa mtu ni haki. Ni maneno mazuri. Niliyasoma kwa sauti katika mkutano wa jamaa, na mdogo wangu akaniuliza kama Katiba italipa masomo ya watoto wake.

Kitu kimoja tu cha kalinzi ninakililia. Aliyekupa pahali alikuwa na sura. Mtu akija kusema hapa si pako, ulimwita yule aliyekupa ao mtoto wake, naye alipaswa kuja kusimama mbele ya watu na kusema: mimi nilimpa. Leo mwenye kuuza anachukua pesa na simu yake haipatikani tena. Watu wameuziwa vipande vya mlima huu ambavyo maji yanavikata kila mvua, na aliyeuza hajibu chochote siku udongo unapoteremka na kumfunika mnunuzi pamoja na watoto. Karatasi inaweza kuwa sawa na mlima usiwe sawa. Jambo hili linanigusa mimi mwenyewe, kwa sababu nafasi ile nyuma ya choo baba hakuichagua kwa wema tu. Ilikuwa nafasi ambayo sisi hatukuitaka. Mtaro umeongezeka upana tangu wakati ule. Kumwambia mama "hapa sasa ni pako" kunaweza kuwa kumpa haki, na kunaweza pia kuwa kumfunga kwenye ukingo. Usiku mmoja wa mvua nilikwenda na taa kutazama kama mbao bado zimesimama, na nilirudi nikiwa na haya, kwa kuwa kabla ya siku ile sikuwa nimekwenda hata mara moja.

Mkutano wa jamaa ulikaa mara tatu. Mara ya kwanza tuligombana. Mara ya pili tulimwita mama mwenyewe, jambo ambalo tungefanya mwanzoni. Alikuja amevaa kikwembe cha kanisani. Hakulia, hakuomba. Alisema: "Batoto yangu, nyumba niko nayo. Pahali njo siko napo. Kama munaniambia niondoke, munionyeshe kwenye nitapeleka hizi mbao." Hakuna aliyeonyesha. Hata mdogo wangu alitazama chini.

Mara ya tatu alisema dada yetu, ambaye kwa desturi ya zamani asingeulizwa juu ya udongo. Sheria ya Jamaa ya 1 Agosti 1987 inahesabu watoto wa kike kati ya warithi, na dada aliijua kuliko sisi. "Sehemu yangu muikate upande ya mama," akasema. "Lakini muikate huku juu, si kule kwa mutaro." Basi. Alichosema dada hakikuwa falsafa yoyote. Alikuwa amekumbuka nani alimwosha mama yetu. Mdogo wangu alikubali kwa mdomo. Mnunuzi alipunguza bei, akaenda, akarudi, tukauza upande wa mbele.

Tulipima meta sita kwa tano karibu na njia. Mama alibomoa nyumba yake siku ya Jumamosi, vijana wa avenyu wakasaidia kubeba mbao, na jioni ilikuwa imesimama juu, na manjanja yaleyale. Tukaandika akti: majina, vipimo, sahihi za warithi, sahihi za majirani wanne, kidole gumba cha mama. Nikaipeleka kwa mtu mmoja anayejua mambo ya kadastri, nimwulize kama inaweza siku moja kuzaa sertifika kwa jina lake. Akaipima kwa macho, akacheka bila ubaya. "Muzee, hii haiwezi kuwa parseli. Hii ni chumba."

Kwa hiyo kwa sheria mama bado hana pahali. Ana karatasi yenye majina yetu, na sisi tukifa watoto wetu watakuwa na swali letu. Nimewafundisha wangu watatu maneno yote, kuanzia yale ya baba mwaka 1999, na nimewapeleka kuona mahali penyewe. Mdogo wangu ananisalimia kanisani, nyumbani kwangu hafiki.

Mama aliniuliza kitu kimoja tu siku ya kuweka sahihi: kama sasa anaruhusiwa kujenga na matofali. Nikamwambia ndiyo, mama, ujenge. Mwezi uliofuata alinunua matofali mia mbili, akayapanga vizuri ukutani nyuma ya nyumba na kuyafunika na plastiki. Misimu miwili ya mvua imepita. Yangali pale, chini ya plastiki, na yeye yumo ndani ya mbao.